Brashi Yenye Fundo

Banda zima la farasi lilimwita Shangazi, hata waliomzidi umri, na hakuna farasi aliyepandwa kabla yeye hajampitishia mkono. Uje umevaa viatu vinavyong'aa namna gani, Shangazi angekwambia usubiri. Kwanza brashi ya mpira, kwa mviringo, vumbi litoke. Kisha brashi laini, kufuata manyoya yanakolala. Mwisho kiganja kitupu pale tandiko linapokaa, maana chembe moja ya mchanga ikibaki hapo, mnyama atarudi na kidonda.

Siku hizi kiganja kilifanya kazi ya ziada. Ukungu ulikuwa umemwingia machoni, tena si wa leo wala jana, naye akajitia hamnazo. Rangi zilianza kumpiga chenga. Tajiri, mwenye banda, alikwisha kusema wazi kwamba asiyeona vizuri hana kazi katikati ya kwato, na Shangazi hakuwa tayari kuona unga wake ukimwagika. Mtu akimpungia mkono kwa mbali, alimrudishia tabasamu, awe nani awe nani.

Asubuhi moja alikuwa akimwandaa farasi jike wa kahawia. Akaingiza mkono ndooni kutafuta brashi, vidole vikagusa uzi mnene uliozungushwa kwenye mpini na kupigwa fundo. Mara moja alijua ni kazi ya nani. Fundi wa viatu vya farasi, waliyembandika jina la Nyundo, alikuwa mtani wake wa miaka nenda miaka rudi.

"We Nyundo! Umekosa kazi mpaka unazivisha brashi zangu shanga?"

Nyundo hakucheka, na hilo ndilo lililomtia Shangazi hofu. Alisogea karibu, akashusha sauti.

"Yenye fundo ni ya yule wa kijivu, Shangazi. Yule mwenye choa. Ile nyekundu."

"Kwani nyekundu mimi siijui?"

"Umekuwa ukimsugulia nayo huyu."

Akamshika mkono, akaupeleka chini ya manyoya marefu ya shingo. Palikuwa na kipara kidogo, kikavu, chenye magamba. Shangazi hakushtuka kama ilivyompasa, kwa sababu vidole vyake vilikwisha kupita hapo siku kadhaa, naye akajiambia kuwa ni hatamu tu imekwaruza. Alikuwa amejidanganya mchana kweupe, na maskini ya Mungu aliyelipia ni mnyama asiye na mdomo wa kumsema. Machozi yakamlengalenga.

"Nimemwona jana," Nyundo alisema. "Dawa nimeshampaka. Leo asipandwe. Tajiri akiuliza, niachie mimi."

Tajiri naye hakukawia. "Mbona huyu hajatandikwa?"

"Kiatu kimelegea, tajiri," Nyundo akadakia. "Kosa langu."

Shangazi alilisikia lile neno, kosa langu, likitoka kwa mtu ambaye hajawahi kukubali hata kwamba anakoroma. Akapiga moyo konde.

"Kiatu kizima hicho. Huyu ana choa, na nimemwambukiza mimi. Nimechanganya brashi. Macho yangu hayaoni, tajiri."

Tajiri hakufoka, ila uso wake haukulegea.

"Nenda hospitali. Mpaka daktari aniambie unaona, humgusi farasi hata mmoja."

"Na nani atawasafisha?"

"Mimi," alisema Nyundo.

Farasi mmoja mweusi aliporudi kutoka kupandwa, jasho likimchuruzika, Shangazi alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono mapajani, haijui pa kwenda. Nyundo alichukua sponji yenye maji, akaanza kusugua kinyume cha manyoya. Farasi akatikisa mkia kwa hasira.

"Unampiga randa? Huo ni mgongo, si ubao!"

"Basi nielekeze."

"Taratibu. Jasho la tandiko kwanza. Hapana, chini kidogo. Hapana!"

Uvumilivu ukamwisha. Aliinuka, akapapasa mpaka akampata fundi, akaweka kiganja chake juu ya mkono wake mgumu, akaanza kuuongoza polepole mgongoni mwa farasi. Mkia ukatulia.

"Shangazi, tajiri amekukataza."

"Amenikataza farasi. Mimi nimekugusa wewe," alisema. "Haya, funga macho, uone kwa kiganja."