Kanga Dirishani

Juzi nilimkuta mdogo wangu akiziba tundu la hewa ukutani kwa soksi, eti joto la hita lisitoke. Nilifoka hata kabla ya salamu.

Nilifoka kama Mama Neema, msusi Mkongo tuliyepanga naye nyumba moja mtaa wa Bertrams nilipokuwa mtoto. Mchana mmoja wa baridi kali, mama aliwasha hita ya mafuta ya taa, akapandisha utambi mpaka mwisho, akasokomeza kanga kwenye upenyo wa dirisha. Chumba kikanuka mafuta, kichwa kikaniuma, usingizi ukanichukua. Niliamshwa na kioo kikivunjika. Mama Neema alikuwa amegonga mlango bila kujibiwa; sasa alisimama nje ya dirisha, kiatu mkononi.

"Fungueni! Moto inakula hewa!"

"Eish, mwanamke huyu," mama alisema, ulimi mzito kama wa mlevi. "Anatuonea wivu joto letu."

Nilimwamini, nikalilia joto lililokuwa likitoka.

Leo najua tulikuwa tunakufa. Mama nimemweleza mpaka nimechoka. Jana nilipomtaja tena Mama Neema, alikunja uso.

"Nani? Yule aliyetuvunjia kioo?"