Ukoo Mmoja wa Nyanya

Mibiringanya ilianza kunyauka ilipokuwa imetoa maua. Mchana ililala, jioni ikasimama tena, na mama akasema ni jua tu. Siku ya nne haikusimama. Majani yalikuwa bado mabichi, na hilo ndilo lililonitisha, kwa sababu minyanya tuliyoipanda mahali palepale kabla yake ilikufa vivyo hivyo, ikiwa kijani.

Shamba lilikuwa dogo, nyuma ya nyumba ya hajati mmoja huko Nateete, pale ardhi inapoanza kushuka kuelekea kinamasi. Hajati hakututoza kodi. Alitaka vitu viwili: kikapu cha mboga kila Ijumaa, kwa ajili ya watoto wanaosoma Kurani kwake, na ardhi isikae tupu. "Ikikaa tupu," alimwambia mama siku ya kwanza, "ndugu zangu watasema naiweka bure, na kila mmoja ana lake la kufanyia." Mama aliitikia kwa kichwa mara nyingi. Tangu tuvuke kutoka Kongo alikuwa amefua nguo za watu na kuosha vyombo vya watu. Shamba lile lilikuwa kazi yake ya kwanza ambayo hakuna mtu aliyesimama nyuma yake akimwamrisha.

Mama alilima kama walivyolima kwao. Mmea ukifa haukutupwa. Alikata shina vipande vipande na kuvifukia kwenye tuta lilelile, ili ardhi irudishiwe kilicho chake. Minyanya aliifukia hivyo, kisha juu yake akapanda mibiringanya. Mibiringanya ilipokufa nikamsaidia kuifukia pia. Shina moja tu tulilibakiza, akaliviringisha katika gazeti.

"Peleka soko la Nakasero kwa yule muuza mbegu," akasema. "Mwonyeshe, akupe dawa. Kama dawa hakuna, leta miche ya ntula. Ntula ni ngumu, haifi ovyo." Ntula ni zile nyanya chungu nyeupe ambazo watu wa hapa hupika na karanga. Hajati alizipenda.

Mimi si mtu wa kuongea. Shule niliacha darasa la sita, na hata huko nilikuwa nikijua jibu na kunyamaza. Nilisimama mbele ya kibanda cha muuza mbegu mpaka wateja watatu wakahudumiwa na kuondoka. Mwishowe yeye ndiye aliyenyoosha mkono akachukua gazeti langu.

"Nyabo, dada, umeleta nyama?" Akalifungua. "Ah. Biringanya. Na mbele ya hii ilikuwa nini?"

"Nyanya."

"Ilikufa?"

"Ndiyo."

Alikata shina kwa kisu, akajaza maji safi kwenye glasi, akalishika shina ncha yake ikiwa ndani ya maji. Tukatazama. Kwanza hakukuwa na kitu. Kisha uzi mweupe ukatoka kwenye shina, mwembamba, ukateremka polepole kama maziwa yanayovuja.

"Hiyo ndiyo inaua. Iko kwa udongo. Dawa hakuna." Akahesabu kwa vidole vyake. "Nyanya, biringanya, pilipili, ntula, nakati, hata viazi vya chipsi. Hawa wote ni mtu na ndugu yake. Huyu akikufa, ukiweka ndugu yake hapo, na yeye anakufa. Choma hii yote. Weka kitunguu, ama mahindi, misimu mingi. Mnachoma, si ndiyo?"

Nikasema ndiyo. Tulikuwa hatujawahi kuchoma hata jani.

Hatua chache kutoka pale, mama mmoja alikuwa ameketi na miche ya ntula ndani ya beseni. Nikainunua. Najua nilichokuwa nikifikiri: kwamba nikirudi mikono mitupu itanibidi nieleze, na maelezo yalikuwa marefu, na mama angeniuliza maswali. Muuza mbegu aliniona. "Ee, nyabo! Unapeleka mtoto alale kwa kitanda ya maiti?" Watu wakacheka. Nikaondoka haraka.

Nyumbani nikasema dawa hakuna. Hilo lilikuwa kweli. Mengine nikayaacha. Mama akapanda ntula jioni ileile, akiimba. Kila asubuhi niliamka nikiwa nimeamua kumwambia, na kila asubuhi miche ilikuwa imesimama vizuri, nikajiambia labda muuza mbegu hajui. Zikapita wiki tano. Mchana mmoja nikakuta mche wa mwishoni mwa tuta umelala.

Nilimwambia siku hiyo, yote kwa mkupuo mmoja, nikitazama jembe.

"Biringanya na ntula ni ndugu?" Alicheka kwanza. "Na nani aliwazaa? Na nakati, hiyo mboga ya majani, nayo ni shangazi yao?" Kisha akaacha kucheka. "Alikwambia lini?"

"Siku ile ya Nakasero."

Hakunipiga, hakunigombeza. Akaendelea kuitazama miche, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayetafuta ulio mzima.

Ijumaa hiyo tulienda kwa hajati bila mboga, kama Ijumaa nyingi kabla yake. Mama akamweleza vizuri kuliko mimi nilivyomweleza yeye. Akaomba msimu mmoja wa vitunguu.

"Mama watoto," hajati akasema, na sauti yake ilikuwa ya huruma, "mimi nimewapa ardhi mpande, si mzike. Ungekuja na vitunguu mwezi uliopita ningewaambia ndugu zangu, tazameni, imeota. Sasa nitawaonyesha nini? Mpwa wangu ameshaagiza mawe. Anataka mahali pa kuoshea magari."

Mama akashukuru. Sijui alishukuru nini.

Mawe yaliletwa Jumatatu. Sasa mama anafua nguo kwenye ghorofa za Bugolobi, anatoka kabla sijaamka na kurudi vidole vimechubuka. Mezani ananiuliza kama nimekula. Kama nina sabuni. Kwa nini nilinyamaza wiki tano, hajaniuliza, na jibu ninalo, fupi, nimelitengeneza vizuri. Akizima taa namsikia akigeuka upande wa ukuta.