Jalada Jekundu la Bi Mihuri

Bi Mihuri alikuwa na miaka kumi na tisa kazini, ofisi ya bajeti, yeye akinenepa na kiti chake kikikonda. Jina hilo alipewa kwa sababu mihuri yote ya idara ililala kwenye droo yake, na ufunguo ulilala kifuani mwake. Tena aliujua utaratibu kuliko wakubwa wenyewe: jalada la kijani husomwa, jalada jekundu husainiwa tu. Jekundu ni la usalama wa viongozi wanaotutembelea. Nani ana shingo ngumu aulize kwa nini kiongozi mmoja wa siku mbili anahitaji mbwa arobaini wa kunusa?

Kodi ya hosteli ya waomba hifadhi ilikaa kwenye la kijani. Hilo lilisomwa mpaka karatasi ikachakaa, kisha likarudishwa na neno moja: punguzeni. Wapunguze nini, kuta?

Hosteli ilikuwa na watu sitini na wawili, vitanda thelathini na bomba moja la maji. Mwenye nyumba alishachoka kusubiri. Ijumaa, alisema, wote nje. Habari hiyo aliileta Mkunga, mama aliyekimbia kwao na mkoba wa kazi tu, ambaye kila Jumatatu alikuja dirishani kwa Bi Mihuri kuuliza.

"Dada, mke wa mwanangu anajifungua wiki hii," alisema. "Nimezalisha watu kila mahali, lakini barabarani bado. Sitaki kuanza na mjukuu wangu."

Bi Mihuri aliingiwa na hasira ya wale mbwa arobaini, ambao bajeti ilimpa kila mmoja chumba chake na feni.

Mgeni mkubwa alikuwa anakuja mwezi uleule. Jalada jekundu lilikuwa mezani, na ndani yake sharti la walinzi: jengo lolote lililo kwenye njia ya msafara, asihame mtu wala asihamie mtu kwa siku thelathini, na kodi ya siku hizo ilipwe na serikali. Hosteli haikuwa kwenye njia. Ilikuwa nyuma ya soko la mitumba, barabara ya mashimo ambayo hata mbuzi huipita kwa kufikiria.

Liwalo na liwe, alisema Bi Mihuri. Akachukua kalamu, akaupitisha msafara nyuma ya soko.

Mkurugenzi akasaini huku anaongea na simu. Ijumaa mwenye nyumba alipofika na makufuli yake, alikuta askari wawili getini. Wakamwambia hahami mtu hapa mpaka mgeni apite, na kodi yake inakuja. Mzee wa watu akarudi na makufuli. Jumamosi mjukuu wa Mkunga akazaliwa chini ya ulinzi mkali, mbwa wawili mlangoni.

Mgeni alipita kwa sekunde kumi na moja, akirushwarushwa. Siku thelathini zilipokaribia kuisha, Bi Mihuri akaingia kwa Mkurugenzi na jalada jekundu jingine. Safari hii Mkurugenzi akalifungua. Akasoma ukurasa wa kwanza, akasoma wa pili. Akilini Bi Mihuri alishamwona Mkunga na kichanga kando ya barabara.

"Mama, hii njia nilipita kwenye msafara," alisema Mkurugenzi, akijipapasa utosi. "Nimegonga kichwa mara nne. Nani aliipanga?"

"Mambo ya usalama, mzee."

"Na hapa umeandika mgeni atarudi. Nani kasema atarudi?"

"Nani kasema harudi, mzee? Akija akatukuta hatujajiandaa, atajibu nani?"

Mkurugenzi akaweka kidole kwenye idadi ya watu wa hosteli. "Sitini na watatu. Mara ile walikuwa sitini na wawili."

Bi Mihuri akashtuka. Kumbe lile jekundu la kwanza lilisomwa.

"Mmoja amezaliwa, mzee."

Mkurugenzi akasaini, akamrudishia jalada bila kumtazama. "Basi huyo mgeni wako," alisema, "mwambie asiwe na haraka ya kuja."