Nilivyomgawia mshkaji password ya base, nikakaribia kuvunja jiko la mama wa watu Mjimwema

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Mimi humu ni msomaji wa kimyakimya. Leo nimeona uzi wa kijana anayelalamika kwamba rover yake inakata kata, na majibu yote ni "badilisha laini", nikaona nisipoandika nitakuwa mchoyo. Ninachosimulia nilikifanya kwa mikono yangu. Sehemu ninazoonekana mjinga, nilikuwa mjinga kweli.

Ni miaka ile ya soko huria. Kampuni binafsi za upimaji zimeruhusiwa, kampuni za simu zinashindana kusimika minara, na sisi wapimaji tuliotoka chuo tunajiona wafalme kwa sababu tuna mashine ya satelaiti.

Kwa wasioijua kazi yetu, niseme kwa kifupi. Satelaiti peke yake inakudanganya kwa mita kadhaa. Kwa hiyo tunaweka mashine moja, base, juu ya alama inayojulikana. Inapima makosa ya satelaiti na kuyatuma kwenye seva kwa intaneti. Mpimaji anatembea na mashine ya pili, rover, yenye laini ya simu, inayopokea masahihisho hayo. Yakifika vizuri skrini inaandika Fixed, na hapo unapima kwa sentimita. Yakifika vibaya inaandika Float. Float maana yake mashine bado inakisia.

Shikeni hilo neno Float. Ndilo lililonitia aibu.

Kazi yenyewe ilikuwa Mjimwema, hapa hapa Songea. Mama Fausta, mjane, mtu wa kanisani na mkulima wa mahindi, alikuwa na kiwanja kilichopimishwa zamani na marehemu mumewe. Jirani yake, Bwana Mapunda, mfanyabiashara wa tumbaku, alitaka kujenga ukuta. Bikoni moja, yaani alama ya mpaka, katikati yao ilikuwa imepotea, na kila mmoja alikuwa na maelezo yake kuhusu mahali ilipokuwa.

Walishavutana hadi kwenye baraza. Mwisho wakakubaliana mbele ya mtendaji wa mtaa: aje mpimaji, atoe pointi kutoka kwenye ramani ya zamani, na atakapopigilia kigingi ndipo hapo hapo, hakuna rufaa.

Mpimaji ndiye mimi.

Asubuhi nilianza vizuri. Mwenzangu Zeno alikaa na base mjini, juu ya alama yetu. Mimi nikapita kwanza shule ya msingi iliyo karibu, ambapo kuna jiwe la upimaji ambalo namba zake ninazo. Hiyo ni desturi ya kazi: unapima jiwe unalolijua, ukipata namba zile zile ndipo unaiamini mashine. Nikapata tofauti ya sentimita moja. Mama Fausta alikuwa anapita akitoka misa ya asubuhi, akasimama kunitazama. Nikamwambia shikamoo, akaitikia, akauliza kwa nini naanzia shuleni wakati kiwanja kiko kule. Nikamweleza. Akaitikia kwa kichwa, akaenda zake.

Saa nne watu wote wakawa uwanjani. Mama Fausta na ndugu zake wawili, Bwana Mapunda na mafundi watatu, tofali zimepangwa, mchanga umeshachanganywa na saruji. Mtendaji ana fomu mkononi na anatazama saa, maana ana kikao kingine.

Nikawasha rover. Fixed. Nikaanza kutembea kuitafuta pointi. Hatua kumi, masahihisho yakakata.

Nikasubiri. Yakarudi. Float. Yakakata tena.

Wakuu, nilifanya yote mnayoyajua. Nilizima nikawasha. Nilitoa laini, nikaifuta kwenye shati, nikairudisha. Niliweka laini ya kampuni nyingine na kuandika upya mipangilio ya intaneti. Nilikagua anwani ya seva, jina na password. Nilinyanyua mti wa antena juu kama mtu anayetungua maembe. Mashine inasema imeunganishwa, data inaingia, baada ya dakika tatu inakata, kisha inaingia tena.

Nikampigia Zeno. Akasema, "Huku taa inawaka vizuri, kaka. Inazima kidogo, inawaka. Mtandao tu huo."

Mtandao tu huo. Na mimi nikakubali, maana ni jibu linalomwondolea kila mtu lawama.

Jua lilikuwa linawaka. Bwana Mapunda akasema kwa upole ambao uliniumiza kuliko matusi, "Bwana mpimaji, kama chombo ni kibovu tuambie, tukatafute mwingine."

Hapo ndipo kiburi kiliponipanda. Rover ikatulia kidogo. Imeandikwa Float, lakini namba hazirukiruki sana. Nikajiambia, inatosha, ni sentimita chache tu. Nikaifuata pointi, nikachukua nyundo, nikapigilia kigingi cha mti.

Kiliangukia mlangoni mwa jiko la Mama Fausta.

Jiko la nje, la tofali za kuchoma, bati sita, alilojengewa na mumewe. Ukivuta kamba kutoka bikoni ya mbele hadi kigingi changu, ukuta wa Mapunda unapita katikati ya mafiga. Jiko linavunjwa, na nyuma yake hana pa kujenga jingine, ni korongo.

Ndugu zake wakaanza kupaza sauti. Mtendaji akawakumbusha makubaliano. Fundi mmoja akaanza kuchimba msingi kutokea kwenye kigingi, mwingine akaegemeza ngazi kwenye jiko ili ashushe bati. Mimi tayari nilikuwa nafunga mti wa antena. Nilitaka kuondoka tu, wakuu, sitawaficha.

Mama Fausta hakulia wala hakupiga kelele. Alinifuata pale nilipokuwa nafunga begi.

"Mwanangu, asubuhi nilikukuta unapima lile jiwe la shuleni."

"Ndiyo, mama."

"Ukanieleza kwamba ukilipima ukapata namba zake, basi mashine haisemi uongo."

"Ndiyo."

"Basi kalipime tena sasa hivi. Likikupa namba zile zile, jiko nitalivunja mwenyewe, sitangoja fundi."

Kurudia kupima jiwe mwisho wa kazi ni kitu tulichofundishwa mwaka wa kwanza, na mimi sikuwa nakifanya tangu nimalize chuo. Bwana Mapunda akasema, "Nenda, baba, tumalize. Ila mafundi wangu hawakai bure." Wakaendelea kuchimba.

Kutoka pale hadi shuleni ni mwendo wa dakika tano. Nilitumia mbili.

Nikasimamisha mti juu ya jiwe. Float. Nikapima. Tofauti: mita moja na sentimita tisini.

Jiwe halijahama. Satelaiti ni zile zile. Mita moja na tisini ni upana wa jiko la mtu.

Nikakaa chini kwenye nyasi nikaanza kufungua kurasa za mashine moja baada ya nyingine, hata zile ambazo huwa sizifungui. Ndipo nikafika ukurasa unaoonyesha habari za base. Kuna mstari unaosema umbali kutoka base hadi ulipo. Zeno alikuwa kilomita nne kutoka kwangu.

Mashine ilisema kilomita mia mbili na kitu.

Halafu nikakumbuka, na nikatamani nisikumbuke.

Wiki moja kabla, Sadiki, rafiki yangu tuliyesoma naye, mtu wa Tunduru, alinipigia. Kampuni yao ndogo ilikuwa imepata kazi ya kupima mashamba ya korosho huko Nalasi, na akaunti yao ya seva ilikuwa haijafunguliwa. Akaniomba ajishikize kwenye ya kwetu siku chache. Nikamtumia kila kitu: jina la chaneli yetu kwenye seva, password ya rover, hadi password ya base. Kwetu ndivyo tunavyoishi. Leo unaazima chaja, kesho mti wa antena, keshokutwa akaunti. Ukimnyima mwenzio unaitwa mwenye roho mbaya. Sikumwambia Zeno wala mtu yeyote.

Sasa chaneli moja inabeba base moja tu. Sadiki alipowasha yake Nalasi siku ile, ya Zeno ilitupwa nje. Ya Zeno ikajaribu tena, ikamtupa Sadiki. Zikawa zinapokonyana namna hiyo tangu saa nne, na mimi katikati nafuta laini kwa shati. Kigingi cha Mama Fausta nilikipigilia kwa masahihisho ya mashamba ya korosho.

Nikampigia Sadiki. Hapatikani. Mara ya pili, hapatikani. Base yake lazima ilikuwa barabarani penye mtandao, lakini huko Nalasi ukitoka barabarani simu inakuwa pambo. Nikampigia dada anayesimamia seva yetu Dar. Nilimweleza ukweli wote kwa pumzi moja. Akasema, "Kwa hiyo password uliigawa wewe." Nikamwambia ndiyo. "Nipe dakika kumi nikufungulie chaneli mpya. Mwambie wa base abadilishe jina. Na hii tutaiongea ukirudi ofisini."

Dakika kumi. Na kule mafundi wanachimba.

Nikarudi mbio. Bati mbili zilikuwa zimeshashushwa. Nikasimama kwenye mtaro, mbele ya watu wote, nikasema, "Simamisheni kazi. Kigingi hiki si cha kweli. Nimekosea."

Sijawahi kusema neno zito kama lile uwanjani. Bwana Mapunda aliacha upole wake. Akauliza mbele ya mtendaji, mama huyu amenipa nini. Mafundi wakacheka. Nikamwambia hajanipa kitu, kosa ni langu, nilimwazima mtu akaunti na nikatoa pointi wakati mashine ilikuwa inakisia. Mtendaji akaikunja fomu, akaniambia nina nusu saa, ikipita ataandika kwamba mpimaji ameshindwa kazi, na barua itakwenda kwa bosi wangu.

Zeno akabadilisha chaneli. Nikaingiza jina jipya kwenye rover, nikakosea mara mbili. Ikaunganika.

Float.

Nikamwona Mama Fausta amekaa kwenye kigoda na rozari mkononi, hatazami mashine, ananitazama mimi.

Fixed. Umbali wa base, kilomita nne.

Safari hii sikwenda kwenye pointi. Nilimwomba mtendaji na Bwana Mapunda tuende wote shuleni. Nikapima jiwe mbele yao na kuwasomea namba za kwenye karatasi na za kwenye skrini. Sentimita moja na nusu. Bwana Mapunda alizisoma mwenyewe mara mbili.

Tukarudi. Pointi ikatupeleka kutoka mlangoni mwa jiko, tukavuka njia ya miguu, hadi kwenye mzizi wa uzio wa zamani wa minyaa. Kule ambako Mama Fausta alikuwa anasema tangu barazani. Bwana Mapunda hakutaka kigingi, akamwita fundi wake mwenyewe achimbe. Jembe la nne au la tano likagonga chuma. Nondo iliyokatika, imezungukwa na saruji kuukuu: bikoni yenyewe.

Fundi akainua uso akamtazama bosi wake. "Ipo, mzee."

Bwana Mapunda aliinama, akaishika ile nondo, akajaribu kuitikisa. Haikutikisika. Akawaambia mafundi wake warudishe bati za mama kabla ya kitu kingine chochote. Kwangu alisema neno moja tu, "Ungeondoka?" Nikamwambia ukweli, asingeniuliza huyu mama, ningekuwa nimeshaondoka.

Jioni Sadiki akapatikana. "Wallahi ndugu yangu, nami nimehangaika hadi mchana, inakata tu, nikajua ni mtandao wa huku." Nikamuuliza base yake aliiweka juu ya alama gani. Akasema hakukuwa na alama karibu, aliiwasha pale pale na namba za kukadiria, akitegemea kurekebisha ofisini. Mita moja na tisini zangu zilitoka huko, na Float ikaongezea chumvi. Sikumlaumu sana. Mimi ndiye niliyempa ufunguo.

Nilichojifunza, ndugu wapimaji: mashine kusema imeunganishwa haimaanishi imeunganishwa na base yako. Kabla hujailaumu laini, soma umbali wa base. Password ya base usimpe mtu hata kama mlilala chumba kimoja chuoni. Pointi ya Float usimpigilie mtu kigingi, hata mtendaji akitazama saa mara mia. Na jiwe uliloanza nalo asubuhi, maliza nalo.

Siku ile Mama Fausta hakuniruhusu niondoke na njaa. Aliniwekea kigoda mlangoni mwa jiko, chini ya zile bati zilizorudishwa, akanipa ugali na likolo la majani ya maboga. Nilikula nimeinamisha kichwa. Nilipoinua macho kumwomba maji nikakiona kigingi changu. Kilikuwa kwenye mafiga, chini ya sufuria, kimeshaungua nusu.

Haya, wakuu, uwanja ni wenu. Wapimaji mliomo humu, nani amewahi kupigilia kwa Float akaondoka, na mwenye eneo hakumuuliza kitu? Mlirudi?