Njia Kati ya Madawati

Katika shule yetu ya upili, nje kidogo ya mji wa Migori, mwanafunzi hakuchagua pa kukaa. Matokeo ndiyo yaliyomkalisha. Siku ya kwanza ya kila muhula, mwalimu wetu wa darasa, mama mrefu aliyetufundisha jiografia na ambaye tulimwita Madam, alitutoa sote nje na vitabu vyetu. Kisha akasimama mlangoni na kutuita kwa nafasi tulizoshika katika mtihani uliopita, akianzia mkiani. Aliyeshika mkia aliingia kwanza, akaketi dawati la mbele kabisa, puani pa mwalimu. Aliyefuata kutoka chini akaketi ubavuni pake. Hivyo hivyo, wawili wawili, hadi dawati la mwisho nyuma dirishani, walikokaa wenye alama kubwa wakipigwa na upepo.

Wazazi wengine walinung'unika kwamba tunaaibishwa. Mimi niliupenda utaratibu ule. Tulipoingia kidato cha kwanza tuliachwa tukae tunavyotaka, na kabla ya wiki kwisha darasa lilikuwa ramani. Wakuria walikaa upande wa mlango. Sisi wa ziwani, kutoka Homa Bay na Mbita, tulijaa dirishani. Watoto wa wakulima wa tumbaku walikaa katikati, na nyuma yao wale wa Masara, kwenye machimbo ya dhahabu. Watoto wa wafanyakazi wa serikali, waliokuja na Kiingereza chao kutoka mjini, walijitenga kwenye kona. Madam alitutazama siku moja akasema, "Nyinyi hamkuja shuleni. Mmehamisha vijiji." Muhula uliofuata akaanza kutupanga kwa alama.

Tangu hapo kila muhula nilikuwa na jirani mpya, na kila jirani alikuwa na harufu ya kwao: huyu moshi wa tumbaku, yule maziwa ya mgando. Nadhani miguu yangu iliharibikia pale. Nimeishi katika miji mingi tangu wakati ule, na sijawahi kukaa mahali bila kuwaza dawati linalofuata.

Jirani mmoja tu ndiye ambaye sikutaka kuhamishwa kutoka kwake.

Alikuwa Mkuria kutoka karibu na mpaka, mfupi, mwenye kucheka kwa mabega. Nusu ya ukoo wao ilikuwa upande wa Tanzania, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko cha mwalimu wetu wa somo hilo. Changu kilikuwa cha sokoni: cha kuuliza bei na kukataa bei. Nyumbani tulisema Kijaluo, na insha zangu zilirudi zimejaa wino mwekundu. Hisabati, kwa upande mwingine, ilikuwa imemkalia yeye shingoni, ilhali mimi niliicheza kama bao. Tulipokutana dawati moja muhula wa mwisho wa kidato cha pili, tulifanya biashara pasipo kuapishana. Mchana nilimfungulia milinganyo. Jioni alinisomea insha zangu kwa sauti, akisimama kila mahali alipojikwaa.

"Omera, hapa umeongea kama mtu anayekimbizwa," aliniambia. Neno hilo letu la kumwita mwenzio alikuwa ameliokota kwangu na kulipenda. "Punguza mwendo. Msomaji hana deni lako."

"Na wewe hapa umegawanya kwa sifuri. Ng'ombe wenu mnawagawanyaje?"

"Wetu hawagawanywi. Wanaongezeka tu."

Alama zetu sote wawili zikapanda. Ripoti za kufunga mwaka zilipotoka, yeye alikuwa wa kumi na tisa, mimi wa ishirini. Tuliruka kwa furaha. Tuliona tumefuatana, basi tutakaa pamoja mwaka wa tatu unapoanza, na mwaka wa tatu ndio uliokuwa na mlima wa masomo.

Kosa letu tuliligundua siku ya kufungua shule, tukiwa tumesimama nje na vitabu. Tulikuwa tumesahau kwamba Madam huhesabu kutoka mkiani. Kufuatana hakukutosha; ilitegemea jumla yetu. Tukiwa arobaini, jozi zingeangukia sawa na sisi tungekaa pamoja. Akiongezeka mmoja kule chini, kila mtu angesogea kiti kimoja, nasi tungekatwa katikati.

Tulihesabu vichwa. Arobaini. Aliyekosekana alikuwa kijana wa Masara, mchekeshaji wa darasa, ambaye hakufanya hata mtihani wa mwisho, hivyo akirudi angeingia mkiani. Aliitwa na jamaa zake machimboni siku chache kabla, na watu walisema ameonja dhahabu, harudi tena. Si yeye wa kwanza. Machimbo yalitunyakulia wavulana kama ziwa lilivyowanyakua wenzetu wa Mbita msimu wa dagaa wengi, omena tunavyowaita.

Rafiki yangu alikuwa akitazama lango.

"Akija, tumekwisha," alisema.

"Na asipokuja?"

"Asipokuja, amekwisha yeye."

Tulisimama pale, vitabu vikitulemea mikononi, na kwa kweli sijui niliombea nini. Madam alifungua mlango, akavaa miwani, akapekua karatasi yake. Hapo ndipo tulipomwona kijana wa Masara akija kutoka langoni, sanduku la bati kichwani, nywele nyekundu kwa vumbi, suruali ya shule imemfupikia kama ya mtoto aliyevaa ya mwaka juzi. Alikuwa anakimbia.

Madam alimsubiri hadi akafika akihema.

"Nani anashika mkia?" aliuliza, kana kwamba hajui.

"Mimi hapa, Madam. Nimerudi nao."

Darasa zima likacheka. Madam hakucheka, lakini alimwondolea sanduku kichwani kwa mikono yake mwenyewe na kuliweka chini ukutani.

"Ingia. Afadhali mkia unaotembea kuliko kichwa kilichobaki shimoni."

Rafiki yangu alinikanyaga mguu taratibu. Nilipomtazama, mabega yake yalikuwa yakicheka.

Basi tukaingia mmoja mmoja, na ikawa kama tulivyohesabu. Mimi niliketi na msichana wa wakulima wa tumbaku, wa ishirini na moja, aliyekuwa hodari wa kemia na mkimya kama chungu. Rafiki yangu alikwenda dawati lililofuata, akakaa na msichana wa Mbita aliyeimba hata akifanya hesabu. Lakini dawati lao lilikuwa ubavuni mwa letu, safu ile ile. Kati yangu na yeye palikuwa na njia tu, ile aliyoipenda Madam kupita akienda nyuma kukagua kazi.

Siku ya kwanza tulinong'onezana kuvuka njia ile. Madam akatukoholea. Siku ya pili nilimpitishia daftari kwa mguu. Jioni moja, wakati wa maandalio ya masomo, dawati letu lilisogea kidogo. Sikulisukuma mimi. Nilimtazama jirani yangu yule mkimya. Alikuwa ameweka goti lake kwenye mguu wa dawati na anaandika kemia kana kwamba hakuna kitu.

"Na mimi insha zinanishinda," alisema bila kuinua macho. "Unadhani nyinyi tu?"

Upande wa pili msichana wa Mbita alianza naye kuvuta la kwao, akisingizia anatafuta mwanga. Kila jioni kidogo tu, upana wa kidole. Kabla ya likizo fupi ya katikati ya muhula madawati mawili yalikuwa yamegusana, na sisi wanne tulikuwa na meza moja ndefu: Kiswahili upande wa ukuta, hisabati na kemia upande wetu, na nyimbo za ziwani bure kwa wote. Kitabu kimoja cha hisabati kilitosha watu wanne kama samaki mmoja mwenye mchuzi mwingi.

Asubuhi moja Madam aliandika swali ubaoni, akafuta mikono, akashika njia yake. Akafika kwetu, akasimama. Njia haikuwepo. Alitazama madawati, akatutazama sisi mmoja baada ya mwingine, Mkuria, Mjaluo wa ziwani, binti wa tumbaku, binti wa Mbita. Neno moja tu lake lingeturudisha tulikotoka.

"Sasa mimi nitapita wapi?" aliuliza.

Kisha kutoka dawati la mbele kabisa, kona ya mkia, kijana wa Masara akageuka.

"Zunguka, Madam. Huku kwetu barabara ni nzuri, hakuna hata shimo."

Madam aliangalia tena vitabu vyetu, akainama, akachukua insha yangu. Aliisoma nusu ukurasa, akairudisha mahali pake, akainyoosha kona iliyokunjika.

Akageuka, akarudi mbele, akapita ubavuni mwa kijana wa Masara na kumgonga kichwa kidogo kwa chaki, kisha akaenda nyuma kwa njia ya mbali. Alipita huko muhula wote.