Glasi Ambayo Mwenye Kualika Hakuionja

Kilichoninyima usingizi usiku ule ni swali ambalo nisingethubutu kumwuliza mtu: je, rafiki yangu angeweza kunitilia sumu?

Tulikuwa tumesoma pamoja miaka mitano. Chuo kilihitaji assistant mmoja tu wa kufundisha, na wote tulidhani ni yeye. Wakanichukua mimi. Yeye wakampa kufundisha sekondari ya Luvungi, huko bondeni kwenye joto. Wiki nzima hakunijia. Kisha Ijumaa akapita kwetu, akasimama mlangoni bila kuingia, akasema kesho saa tisa nimkute kwa yule maman wa pizza, yeye ndiye anayealika. Mama yangu, aliyekuwa akichambua majani ya sombe, alisubiri aondoke.

"Uende," akasema. "Lakini usinywe kitu mwenyewe hajaonja."

Kwetu Bukavu hilo si tusi. Anayekualika hunywa kwanza mbele yako, ndipo akupe, kwa sababu kila mtu anamjua mtu aliyekufa polepole kwa sumu ya karuho, au anadhani anamjua. Mimi na diploma yangu nilijiambia hayo ni maneno ya sokoni. Kisha nikajiuliza kwa nini hakuingia ndani. Kwa nini pizza, kwa mtu aliyechukua kazi yake? Mpaka kunakucha nilikuwa nimemhukumu na kumwachilia mara nne.

Baa yenyewe ilikuwa sebule ya yule maman, pale Nyawera: meza nne, vitambaa vya kufuma, dirisha lililotazama ziwa. Miaka mingi aliwapikia mapadri wa Kiitalia, na walipoondoka akajijengea tanuri la matofali nyuma ya nyumba. Alioka Jumamosi tu: nyanya, vitunguu, jibini ya milimani, na sambaza, dagaa wa ziwani, juu yake. Kasiksi, pombe ya ndizi, alitengeneza mwenyewe. Alikamua ndizi kutoka Mumosho, akachanganya na unga wa mtama, akachuja mara mbili. Ndiyo maana makarani na walimu walikuja kukaa kwake na suti zao za abacost zilizopigwa pasi.

Rafiki yangu alikuwa amefika kabla yangu. Alimimina glasi moja ya kasiksi, akaisukuma mbele yangu.

"Na wewe?"

"Leo mi sinywi. Niko kwa dawa."

Nilitaka kuuliza dawa gani. Badala yake nilisema tungoje pizza. Ilipokuja nilingoja ale, halafu nikachagua kipande kilichopakana na chake. Glasi nikaiacha. Povu likaisha.

Maman alikuwa ananiona kutoka mlango wa nyuma.

"Eh, citoyen! Kasiksi yangu imekukosea nini? Unaikalia mbali kama mama-mukwe!"

"Iko muzuri, maman. Nasubiri kidogo."

"Unasubiri nini, padiri akuje kuibariki?" Akainyanyua glasi yangu, akanywa robo, akajipangusa mdomo. "Haya. Sijakufa. Unywe."

Meza zote zilicheka.

"Na huyu mwenzako," akaendelea, "asubuhi yote alinisumbua hapa! 'Maman, usitie pilipili, tumbo yangu inauma.' 'Maman, rafiki yangu umuwekee ile kasiksi ya siku tatu, yeye anapenda kali.' Na wewe unaiacha ilale!"

Rafiki yangu alicheka kuliko wote. "Mumuache. Huyu hata bia anaifikiria kama examen ya chuo."

Nikanywa. Ilikuwa kali, chachu kidogo, nzuri sana.

Alianza kusimulia juu ya Luvungi. Nyumba aliyopewa haikuwa na mlango. Hakumjua mtu huko. Aliniambia alishindwa kuingia kwetu kwa aibu, kwa kuwa mama yangu alizoea kumwita professeur.

"Likizo ya Pasaka ukuje unitembelee," akasema. "Nakuomba wewe, juu wengine wote wananisikilia huruma."

Nikasema nitakuja. Akafurahi, akanikatia kipande cha mwisho.

Hapo ndipo nilipoanza kujipima tena. Hakuwa ameelewa kwa nini niliiacha ile glasi. Ningeweza kunyamaza, na asingejua maisha yake yote. Kumwambia kungekuwa kumwumiza ili mimi nipumue. Lakini kutomwambia kungekuwa kwenda Luvungi, kulala kwake, kula chungu kimoja naye, nikiwa peke yangu ninayejua nilichokuwa nimemfanya kichwani mwangu. Nilitafuta njia ya tatu, kama kawaida yangu. Haikuwepo.

Alipoinuka kumwita maman, nilimshika mkono.

"Kaa kwanza," nikasema. "Ile glasi sikuinywa kwa sababu nilikuogopa. Nilifikiri umenitilia karuho. Tangu jana usiku nilifikiri hivyo. Unisamehe."

Alikaa. Hakucheka.

"Mimi?" akauliza.

"Wewe," nikamjibu.