Blauzi Nyekundu ya Makatleho

Katika milima ya Lesotho, mwanamke wa sala ya Alhamisi huzikwa na blauzi yake nyekundu yenye ukosi mweupe. Aliyevuliwa kwa kosa huzikwa na blanketi tu, na hilo linauma kuliko kifo chenyewe.

Makatleho, aliyekuwa kiongozi wa kina mama hao, alikwenda Jumatano kumtazama jirani yake Mampoi. Alimkuta amekonda, macho tu yamebaki makubwa.

"Umeniletea uji au mahubiri?" Mampoi akauliza.

"Uji."

"Basi kaa."

Miaka tisa nyuma, Mampoi alivuliwa blauzi kwa kupika pombe ya mtama. Mumewe alikuwa amefia migodini, na pombe hiyo ndiyo iliyosomesha wanawe. Kanisa lilimtaka atubu mbele ya watu. Akagoma. "Nitubu nini? Kwamba watoto walisoma?" Na aliyemvua, kwa mkono wake, ni Makatleho.

"Dada," Mampoi akasema baada ya vijiko vitatu, "sitaki kwenda kwa Mungu kama mgeni. Unitafutie blauzi yangu."

Makatleho akajibu atajaribu. Lakini njiani kurudi miguu ilikuwa mizito, maana kuna jambo alilijua yeye na Mampoi tu.

Alhamisi, sala ilipokwisha, akasimama. "Baba mchungaji, naomba Mampoi arudishiwe blauzi."

"Mama, utaratibu unaujua. Atubu kwanza. Au tungoje baraza, mwisho wa mwezi."

"Mwisho wa mwezi hatafika."

"Kanuni si zangu, mama."

"Na mpishi ni mpishi," mwanamke mmoja akadakia kutoka katikati. "Leo tukimrudishia, kesho tutauziwa kibuyu hapa hapa madhabahuni."

Wengine wakacheka. Makatleho hakucheka.

"Mlikunywa nyote nilipoanua tanga la mume wangu," akasema. "Mliisifu pombe ile. Mnadhani niliipika mimi? Niliiagiza kwa Mampoi, akaniletea kwa mlango wa nyuma. Mwezi uliofuata nikamvua. Naye hakunitaja hata siku moja."



Akafungua vifungo vya blauzi yake, kimoja kimoja, akabaki na gauni la ndani la mikono mirefu. Akaikunja vizuri. "Kama mpishi amevuliwa, mnunuzi je?"

Mchungaji akainamisha kichwa. Makatleho akajitanda blanketi, akatoka na blauzi kwapani. Alipofika kwenye kijito akasikia nyayo nyuma yake: kina mama walikuwa wakimfuata, na yule mdakizi alikuwa miongoni mwao.

Wakamvika Mampoi palepale kitandani. Mikono ilimpita vidole.

"Hii ni hema, Makatleho. Ulikuwa unakula nini?"

"Uji uliobakiza."

Mampoi akacheka mpaka akakohoa, akalala ameshika ukosi. Jumamosi wakamzika nayo, na mchungaji mwenyewe ndiye aliyeongoza sala.

Makatleho hajaomba blauzi nyingine. Kila Alhamisi huketi na blanketi lake kwenye benchi la mlangoni, mahali pa wasio na sare. Kina mama humngoja aanze wimbo kutoka huko huko nyuma, ndipo nao waupokee.